Mtafiti Mwanafunzi na Malezi Yake: Mbinu za Kutafiti kwa Haki Kisondela

Mwanafunzi wa uzamili anayeshuka stendi ya Tukuyu na begi lenye madodoso, kibali cha chuo na barua za utambulisho amekuja pia na malezi yake, na hayo hakuna kamati iliyoyakagua. Kabla hajasoma mwongozo wowote wa maadili ya utafiti alishafundishwa nyumbani nani huongea kwanza, mtoto amjibuje mkubwa, siri ya nyumba iishie wapi, na nani huamua kwa niaba ya nani. Mafunzo hayo ndiyo yatakayomwongoza atakapokuwa peke yake kwenye uwanja wa nyumba moja huko Kisondela, wilayani Rungwe, mkoani Mbeya, asubuhi, mama mwenye nyumba kashika jembe na anasubiri kuambiwa mgeni ana shida gani.

Nawaandikia wanafunzi wa uzamili na uzamivu, hasa wale waliozaliwa Rungwe wanaorudi kutafiti nyumbani, na wale wanaokwenda huko kwa mara ya kwanza wakitokea Dar es Salaam, Morogoro au ng'ambo. Naamini kwamba malezi si adui wa maadili ya utafiti, na wala hayawezi kushika nafasi yake. Kuna mahali heshima ya nyumbani humlinda mhojiwa kuliko fomu yoyote, na kuna mahali heshima hiyo hiyo humziba mdomo. Mtafiti anapaswa kujua ni wapi na wapi.

Anza na karatasi kabla ya safari. Jiulize na uandike majibu: Ni nani mwenye haki ya kukubali kwa niaba ya mke, ya mkamwana, ya kijana wa miaka 17? Mzee akikueleza jambo la ukoo kisha msimamizi wako akalitaka kwenye tasnifu, utafanya nini? Mhojiwa akisema uongo mbele yako, utamsahihisha? Kutumia maneno ya mtu bila kumtaja ni kosa la ukubwa gani? Jibu kama ulivyolelewa, usijibu kama unavyodhani mhadhiri anataka. Kisha mpe maswali hayo mwenzako aliyekulia kwingine. Darasa moja la uzamili Mlimani, Mzumbe au Sokoine lina watu wa Rungwe, wa Pemba, wa Kagera, wa Simanjiro, na pengine mgeni kutoka Ulaya. Mmoja ataona kumfuata mke bila kupita kwa mumewe ni utovu wa adabu. Mwingine ataona kupita kwa mume ni kumnyima mke haki yake. Wote wawili wanasadiki kwamba wanatetea heshima. Pale majibu yenu yanapoachana ndipo penye kazi ya kuandika sehemu ya maadili katika pendekezo lako la utafiti, na sehemu hiyo usiinakili kutoka tasnifu ya mwaka jana.

Msikubali pia ule usemi wa vijiweni kwamba maadili ya utafiti ni mambo ya Wazungu. Ni kweli kwamba Kanuni za Nuremberg za 1947, Azimio la Helsinki la 1964 na Ripoti ya Belmont ya 1979 ziliandikwa mbali na kwetu, na zinampa mtu mmoja mmoja uzito ambao sisi tungeugawia familia. Lakini tazama ni nani walioumia hadi Belmont ikaandikwa. Huko Tuskegee, Alabama, kuanzia 1932 hadi 1972, wanaume weusi, wengi wao wakulima maskini, waliachwa na kaswende bila tiba ili madaktari wa serikali waangalie ugonjwa unavyokwenda. Waliwaamini watu waliowajia kwa upole na vyeo. Mkulima wa chai wa Rungwe anafanana na wale wakulima kuliko anavyofanana na profesa wa Marekani. Kanuni hizi zinamhusu yeye kwanza.

Sasa vibali. Utafiti unaogusa afya ya watu hupita kwenye kamati ya maadili ya chuo inayotambuliwa au kamati ya taifa iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Raia wa kigeni anahitaji pia kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Kutoka hapo barua inashuka: mkoa, wilaya, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji. Usiruke ngazi hata moja, hata kama mtendaji ni rafiki yako tangu shule ya msingi.

Watu huiona safari hii ya mihuri kama usumbufu. Mimi naiona kama jambo la uhai. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi wilayani Chamwino, Dodoma, watafiti wawili wa Kituo cha Utafiti wa Kilimo Selian cha Arusha na dereva wao waliuawa na watu waliowadhania kuwa wanyonya damu. Walikuwa kwenye kazi ya kuchukua sampuli za udongo. Sisemi hata kidogo kwamba kosa lilikuwa lao. Nasema hofu hiyo ya mumiani imeishi Afrika Mashariki tangu enzi za ukoloni, na Mbeya nayo inakumbuka miaka ya habari za kuchuna ngozi za watu. Mtafiti mwenye chupa, sindano, kifaa cha kurekodi au hata koleo tu anaweza kuonekana vingine kabisa na mtu ambaye hakuambiwa habari zake. Kwa hiyo omba utambulishwe kwenye mkutano wa kijiji. Omba tangazo lako lisomwe baada ya ibada ya Jumapili, maana Rungwe ni nchi ya Wamoravian na Walutheri na tangazo la kanisani hufika mahali ambapo barua haifiki. Tembea na mwenyeji. Onyesha vifaa vyako hadharani, waache watu wavishike.

Hapo ndipo malezi yanapokusaidia. Yanapoanza kukuponza ni hatua inayofuata, pale mwenyekiti wa kitongoji anapojitolea kukusindikiza nyumba hadi nyumba, naye anaingia, anakaa na kusema, "Huyu mgeni ametumwa na serikali, mjibuni vizuri." Adabu inakuambia umshukuru. Mshukuru, tena kwa dhati, kisha mwombe akuache mlangoni. Ruhusa ya uongozi inakupa njia ya kuingia kijijini, na ridhaa anaitoa mwenye maneno yake peke yake. Wazee wetu wanakumbuka Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, iliyowahamisha watu kwa lazima, wanajua barua yenye muhuri inaweza kumaanisha nini. Mbele ya mwenyekiti, ni wachache watakaosema hapana.

Na hata mwenyekiti akiondoka, hapana ya Rungwe haisemwi waziwazi kwa mgeni. Aliyelelewa vizuri hamrudishi mgeni mikono mitupu. Atakukaribisha, atakupa kiti, pengine ndizi za kupika na maziwa, atakuitikia kila neno, na bado hataki kuhojiwa. Ukiwa mtu wa kwao unazijua dalili: "Njoo wiki ijayo." "Baba watoto hayupo." "Hayo wanayajua wazee." Majibu yanafupika, anaanza kuita watoto, macho yanakwenda shambani. Mwanafunzi aliyekulia mjini anaandika "alikubali" kwa sababu hakusikia hapana. Mwanafunzi wa kwao alisikia hapana, lakini ana namba ya kutimiza, naye anaandika vilevile. Huyu wa pili ndiye mwenye kosa kubwa zaidi.

Fanya hivi. Siku ya kwanza usihoji. Salimia, na salamu ya Kinyakyusa usiikate. Eleza kazi yako kwa lugha anayootea ndoto mhojiwa, maana mzee wa miaka 80 anaweza kuwa na Kiswahili cha sokoni kisichotosha kuelewa "taarifa zako zitahifadhiwa kwa usiri". Mweleze mambo matano ya kweli: unataka kujua nini, itachukua muda gani, nani atasoma, ana hasara gani, na kwamba hutamletea mradi. Hilo la mwisho lirudie. Watu wengi hukubali wakitumaini kwamba jina likiandikwa, msaada utafuata. Kisha ondoka. Mwachie njia ya kukataa bila kukutazama usoni: "Kama hamtapenda, msiniambie kitu; nikipita Alhamisi mkaniambia mna kazi, nitaelewa na sitauliza tena." Ukirudi akakwambia ana kazi, shukuru, kata jina lake kwenye orodha, na wala usimtume shangazi yake kumbembeleza. Kwenye tasnifu andika wangapi walikataa kwa namna hiyo. Tasnifu isiyo na hata mmoja aliyekataa inanitia shaka kuliko yenye kumi.

Saini nayo ina mambo yake. Kwa mtu ambaye kidole gumba chake kiliwahi kuwekwa kwenye karatasi ya shamba au ya mkopo, fomu yenye mstari wa sahihi inatisha. Kamati nyingi hukubali ridhaa ya mdomo yenye shahidi au iliyorekodiwa, ukieleza sababu mapema. Eleza. Kwa aliye chini ya miaka 18 tafuta ridhaa ya mzazi au mlezi, lakini mwulize na mtoto mwenyewe, tena mahali mzazi hasikii. Malezi yetu hayakutufundisha kumwuliza mtoto kama anataka. Kwenye utafiti ni lazima ujifunze.

Sasa nigeukie wale wa kwao hasa. Ukifika nyumba ya tatu utaulizwa, "Wewe ni mtoto wa nani?" Ukishataja ukoo, mambo yamebadilika. Mzee sasa anamjibu babu yako. Atakupa historia ambayo mgeni asingeipata, na atakupa kwa sababu ni damu. Je, ameridhia utafiti, au ametimiza wajibu wa undugu? Mara nyingi hata yeye hawezi kutenganisha. Dawa yake ni kutokuwa wewe unayeomba ridhaa kwa ndugu zako. Mtume mwanafunzi mwenzako au msaidizi asiye wa ukoo aombe, nawe uje kuhoji baadaye. Na kila mwisho wa mahojiano, soma kwa sauti mambo mazito uliyoandika, uliza: "Hili nililoambiwa kama mjukuu, na hili nililoambiwa kama mwanachuo, ni lipi na lipi?" Utashangaa jinsi wazee wanavyopanga vizuri. Watakuambia hili andika, hili acha. Ukishaambiwa acha, futa mbele yao.

Rungwe ina historia ndefu ya kutafitiwa. Monica Wilson, mzaliwa wa Afrika Kusini na mtoto wa wamisionari, na mumewe Godfrey walifanya utafiti kwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938. Vitabu vilivyotokana nao, kuanzia Good Company cha 1951 hadi For Men and Elders cha 1977, bado vinasomwa duniani. Mambo mawili waliyoyaandika yana faida kwa mtafiti wa leo.

La kwanza ni heshima ya mkamwana kwa baba mkwe. Akina Wilson walikuta miiko mikali: mkamwana hamtazami baba mkwe, anampisha njia. Leo yapo maboma ambako mila hiyo imelegea kabisa na yapo ambako bado inaonekana, kwa hiyo uliza kabla ya kupanga. Nimeona mapendekezo ya utafiti yanayoweka majadiliano ya kikundi ya "wanakaya wote kwa pamoja". Kikundi kama hicho kitakupa sauti ya baba mkwe na ukimya wa mkewe na mkamwana, nawe utaandika kwamba wanawake hawakuwa na maoni. Watenge kwa makundi. Wanawake wakae na msaidizi wa kike, mbali na nyumba, na si saa za kuchuma chai wala za kupeleka maziwa, maana saa hizo unakula kipato cha mtu.

La pili ni imani waliyoikuta kwamba majirani wakimchukia mtu kwa pamoja, pumzi yao inaweza kumletea maradhi. Uamini usiamini, mantiki yake ya kijamii ni nzito: mtu anayepata peke yake kilichofika kijijini kwa wote anajiweka pabaya. Mgeni mwenye gari akikaa saa mbili kwa mjane mmoja na kuondoka akiwa amemwachia bahasha, majirani wameona. Kwa hiyo fidia ya muda isiwe siri. Kiasi kijulikane, kiwe sawa kwa wote, kiandikwe kwenye kibali, na kisiwe kikubwa hadi mtu ashindwe kukataa. Sabuni na sukari vinavyotangazwa mkutanoni vina amani kuliko noti inayopenyezwa kwenye kiganja. Wewe mwenyewe ukikaribishwa chakula, kula. Miongozo mingine inakataza zawadi kwa mtafiti, lakini kukataa chakula cha mtu Kisondela ni kumwambia kwamba humthamini. Kula, sema ndaga fijo, yaani asante sana, andika kwenye daftari lako kwamba ulikula, na usiruhusu chakula hicho kilainishe utakachoandika. Ukikuta msiba, funga daftari. Usihoji msibani, usihoji siku za karibu baada yake. Toa rambirambi kama watu wengine, kaa na waliokaa.

Akina Wilson wanatufundisha jambo la tatu, hili kwa pengo lake. Kazi yao ilibebwa na wasaidizi wenyeji, akiwemo Leonard Mwaisumo, karani na mkalimani. Ilichukua hadi 2013 kwa kitabu kizima, kilichohaririwa na Andrew Bank na Leslie Bank, kumweka Monica Wilson na wakalimani wake kwenye jalada moja. Wewe usingoje miaka hiyo. Kijana wa Kisondela aliyekutafsiria, aliyekuonya nyumba ipi ina mgogoro wa shamba, anastahili malipo yaliyoandikwa na jina kwenye shukrani, kama mwenyewe anataka litajwe. Akishiriki kuchambua, mjadili uandishi.

Wahojiwa wao wafiche, tena kwa akili. Kubadilisha jina hakutoshi kwenye kata ambayo watu wanajuana. Ukiandika "mwalimu mstaafu, mjane, mwenye ng'ombe wanne wa maziwa karibu na kanisa", umemtaja. Changanya maelezo, taja wilaya badala ya kijiji, ondoa ukoo, maana majina yetu ya Mwa- yanasema mtu ni wa wapi. Rekodi za sauti usiziache kwenye simu unayoazimisha ndugu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakuhusu na wewe. Na kama umechukua damu au mate, sema kabisa vitatumika kwa nini, na usivuke hapo. Wahavasupai wa Arizona walitoa damu wakielezwa habari za kisukari, baadaye wakagundua imetumika kuchunguza mambo mengine, na mwaka 2010 chuo kikuu cha jimbo hilo kikakubali kuwalipa dola 700,000 na kuwarudishia damu yao.

Mpaka hapa nimezungumzia kijiji. Chuoni malezi hufanya madhara makubwa zaidi, na hatuyasemi. Kijana aliyefundishwa kwamba mkubwa hapingwi anapomkuta msimamizi anayetaka jina lake litangulie kwenye makala ambayo hakuyaandika, ananyamaza. Anapoambiwa "ongeza madodoso yafike 200" wakati ana 140, anakaa usiku na kupika data. Hapa heshima imegeuka ushirika katika uongo, na mkulima wa Kisondela aliyeacha chai yake ili akujibu ndiye anayedhulumiwa, kwa sababu majibu yake yamechanganywa na ya mtu asiyekuwepo.

Kukataa kwa adabu kunawezekana, na mila zetu zina njia. Andikianeni mapema: mkutano wa kwanza na msimamizi utoke na karatasi inayosema nani ataandika nini na majina yatapangwaje. Tumia vigezo vya kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE: mwandishi ni yule aliyechangia kazi yenyewe, akaandika au kuhakiki andiko kwa kina, akaridhia toleo la mwisho, na yuko tayari kuwajibika kwalo. Ukiviweka mezani mwanzoni, si wewe unayempinga mkubwa baadaye. Ni makubaliano yanayozungumza. Likikwama, fanya kama nyumbani mtoto anavyofanya akiwa na neno na baba yake: tafuta mkubwa mwingine akusemee. Chuoni huyo ni mratibu wa masomo ya uzamili. Na madodoso yakiwa 140, andika 140, eleza kwamba mvua za Aprili zilifunga njia. Mtahini mwenye akili ataheshimu hilo.

Wizi wa maandiko nao una mizizi kwenye malezi. Tulisoma kwa kukariri, maneno ya mwalimu yalikuwa mali ya darasa, na aliyeyarudia bila kukosea ndiye aliyefaulu. Aliyesoma hivyo asijilaumu, ajifunze upya. Lakini jiulize pia kuhusu mdomo: hadithi ya chimbuko la Ziwa Ngozi uliyosimuliwa na bibi ina mwenyewe kama ilivyo na mwenyewe sura ya kitabu. Omba ruhusa, mtaje akitaka kutajwa.

Baada ya tasnifu kupita, rudi. Wasan wa kusini mwa Afrika walichoka na watafiti wasiorudi, na mwaka 2017 wakatoa kanuni zao wenyewe ambazo mtafiti hupaswa kuzikubali kabla ya kuanza. Kisondela haijaandika kanuni kama hizo, ila madai ya watu wake ni yale yale. Andika kurasa tatu za Kiswahili chepesi, zisome kwenye mkutano wa kijiji, waulize ulipokosea, acha nakala ofisi ya kata. Weka nauli ya safari hiyo kwenye bajeti tangu mwanzo, kabla ya posho yako, na upange kurudi kabla ya mahafali.